Taasisi ya TEHAMA ya kesho, na mvua ya leo Wete

Ami yangu mmoja anakaa nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, na ana mikarafuu ya kurithi, si mingi. Msimu mmoja nilimkuta ameanika uwanja mzima, majamvi yamepangwa mpaka karibu na kisima, karafuu zimeshashika rangi, imebaki kama siku moja zikauke barabara. Akaniuliza, maana mimi ndiye mtu wa simu: "Hebu tazama, mwanangu, leo vipi?" Nikatazama. Simu ikaonesha jua, jua tupu mpaka magharibi, na kiasilimia kidogo cha mvua ambacho sikuona haja ya kumtajia. Tukenda zetu msikitini kusali adhuhuri. Hatujatoa salamu, tukasikia mabati yanalia.

Shangazi na watoto waliyawahi majamvi kama nusu hivi. Karafuu ikirowa imeshafika hatua ile hukauka tena, lakini rangi hupauka, na pale kwenye mizani rangi na ukavu ndivyo vinavyoamua kama mzigo wako ni daraja la kwanza au la tatu. Ami hakunilaumu. Alisema tu, "Simu yako hiyo ya Ulaya," akaingia ndani.

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Utabiri mwingi unaotufikia simuni hutoka kwenye mifumo mikubwa ya kompyuta inayoikata dunia vipande vya mraba na kukisia hali ya hewa ya kila kipande. Mifumo mizuri zaidi ina vipande vya kilomita 9 kila upande; mengine hufika 20 na zaidi. Sasa, Pemba nzima haifiki kilomita 70 kwa urefu, na upana wake ni ishirini na kitu tu. Kisiwa chote, na vilima vyake na mabonde yake na hori zake, mbele ya kompyuta ile ni vipande vya kuhesabika, na baadhi yake ni nusu nchi kavu nusu bahari. Mvua iliyozaliwa saa sita mchana juu ya kilima kimoja ikafia kilima cha pili haina pa kuonekana mle. Simu haikusema uongo. Ilijibu swali, lakini halikuwa swali la ami.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu siku hizi wakikaa watu wa vyuo hapa Unguja hakosekani mmoja wa kusema tunahitaji taasisi ya utafiti, pahala ndani ya chuo kikuu ambapo kazi ya watu ni kutafiti TEHAMA itatufaa nini miaka kumi au ishirini mbele. Mimi naunga mkono, tena bila ya kusita. Ila kila nikisikiliza inavyoelezwa, naona maelezo yanaanzia kwenye mitambo: akili unde, droni, vihisio, chumba cha seva chenye baridi ya kutetemesha. Swali huja mwisho, likija. Na kwa yaliyotupata miaka ishirini hii, kukosa swali letu ndiko kulikotugharimu zaidi kuliko kukosa mitambo.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kusomesha 2001, na leo Tunguu, kwenye makao yake makuu, kinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu miaka ya 1970. Na mwaka 2023 chuo cha India cha IIT Madras kilifungua tawi Bweleo, tawi la mwanzo nje ya India la chuo chochote cha jamii ya IIT, vyuo vya teknolojia vya nchi hiyo, na masomo iliyoanza nayo ni sayansi ya data na akili unde. Watu wapo. Kompyuta nazo zitapatikana.

Duniani taasisi za namna hii zina mifano miwili mikubwa ya kuigwa, na kila mmoja umewahi kuigusa nchi kama yetu.

Wa kwanza ndio unaopendwa. Mwaka 1985 Nicholas Negroponte na Jerome Wiesner walianzisha Media Lab katika chuo cha MIT, Marekani. Ilikuwa nyumba ya vipaji, na imetoa mambo ya ajabu. Kauli iliyojulikana nayo ilikuwa kwamba mtafiti ama aoneshe kitu kinachofanya kazi ama afe. Ni kauli nzuri kwa anayetaka kuwaamsha maprofesa waliolala kwenye makaratasi. Lakini kitu cha kuonesha hutengenezwa kwa ajili ya mgeni anayepita, na mgeni huondoka. Mwaka 2005 Negroponte akatangaza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Peru ilizinunua kwa wingi kuliko wengi, na uchunguzi uliotoka 2012, uliofanywa katika skuli 319 za vijijini, ulikuta kompyuta zimepanda kutoka moja kwa wanafunzi wanane hivi hadi zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi. Alama za hesabu na lugha zilibaki pale pale. Mashine zilifika kweli. Waliozibuni walikuwa wamejibu swali la "mtoto atapataje kompyuta", na mwalimu wa kijijini Peru alikuwa na swali jengine kabisa.

Mfano wa pili hauvutii hata kuusimulia barazani. Katika Chuo Kikuu cha Oslo kuna kikundi cha watafiti wa kompyuta ambao tangu katikati ya miaka ya 1990 wameshikilia jambo moja tu: fomu za vituo vya afya. Wakunga wangapi, chanjo ngapi, wajawazito wangapi wamehudhuria. Nani anajaza, nani anasoma, na kwa nini hakuna anayesoma. Kutokana na kero hiyo, waliyoanza kuishughulikia Afrika Kusini mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ilizaliwa programu ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya inayoitwa DHIS2, na leo wizara za afya za nchi kadhaa wa kadhaa duniani zinaitumia. Thelathini na kitu miaka, kero moja.

Na Zanzibar imo ndani ya hadithi hiyo. Toleo la awali la mfumo ule liliingia hapa 2005. Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi, kwa sababu hakikuwa programu hata kidogo. Vilianzishwa vikao vya kila robo mwaka ambapo timu za wilaya zilileta takwimu zao na kuzitetea mbele ya wilaya nyengine. Fikiria chumba hicho. Mtu wa wilaya moja anaonesha kwamba amechanja asilimia 110 ya watoto wake, na mwenzake wa wilaya jirani anamwuliza, kwa adabu ya Kizanzibari lakini bila ya huruma, hao kumi wa ziada wamezaliwa na nani. Labda ni watoto wa jirani waliovuka mpaka. Labda idadi ya watoto iliyotumika ni ya sensa ya zamani. Labda karani amejumlisha mara mbili. Katika kulumbana huko takwimu zikawa bora. Hakuna seva inayoweza kufanya kazi ya aibu ya mbele ya wenzako.

Jambo hilo liliandikwa na kuchapishwa 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Jina la Zanzibar limo katika kichwa cha makala. Waandishi ni wa kikundi cha Oslo. Sisemi kwa kinyongo. Walifanya kazi kubwa, na vijana wetu kadhaa walisomea kwao. Lakini ugunduzi ulitokea katika chumba chetu, kwa midomo yetu, na aliyekuwa na taasisi ya kuuandika alikuwa mwengine.

Ukishaliona hilo mara moja utaliona kila pahala. Chukua malaria. Mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma hesabu za wagonjwa kila wiki kwa simu za kawaida za vibonyezo, na kuanzia 2012 ukaja mfumo wa vishikwambi unaoitwa Coconut Surveillance: mgonjwa mmoja akithibitika, taarifa inamfikia ofisa wa wilaya, anapanda pikipiki mpaka nyumbani kwa mgonjwa, anawapima waliomo na majirani. Ulitengenezwa ufanye kazi hata pasipo na mtandao, taarifa zipelekwe utakapopatikana, na anayekumbuka Unguja ya kiza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu waya wa umeme wa chini ya bahari umeharibika, hahitaji kuelezwa kwa nini hilo lilikuwa jambo la busara. Watafiti wa malaria duniani wanautaja mfumo huo kwa heshima. Fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka katika mpango wa Marekani wa kupambana na malaria. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, yeyote mwenye mfumo wa aina hiyo katika Afrika alikuwa na sababu ya kuuliza: nani atalipia seva mwezi ujao, na nani hapa petu anaijua programu hii mpaka kwenye mifupa yake?

Au chukua droni. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, SUZA na Benki ya Dunia walipiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani kwa droni nyepesi za kurushwa kwa mkono, na wanafunzi wetu ndio waliofundishwa kuzirusha. Kazi kubwa, na kwa gharama ndogo kuliko ndege yenye rubani. Picha zikawekwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2018 zikatumiwa katika shindano la kimataifa la kufundisha kompyuta kutambua majengo. Kompyuta iliambiwa ipange majengo katika makundi matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba inayojengwa, na msingi.

Hapo kwenye msingi naomba nisimame kidogo.

Kwa aliyekaa mbali, msingi ni hatua ya ujenzi. Leo msingi, mwakani nyumba. Mtu wa hapa akiuona anasoma mambo mengine. Msingi ni benki ya mtu asiyeiamini benki: akipata kidogo anaongeza matofali. Msingi ni ushahidi, maana kiwanja kitupu kina wenyewe wengi. Msingi uliomea mikwamba ndani yake huenda ni mirathi inayogombewa, au mwenyewe yuko Oman, au alikufa. Kuna msingi naupita kila nikenda shamba, naujua tangu niko skuli ya msingi, na neno hilo halijawahi kunichekesha zaidi ya hapo. Mtafiti wa hapa angeuliza swali ambalo shindano halikuwa na haja nalo: msingi wa Unguja huchukua miaka mingapi kuwa nyumba, wapi huchukua muda mrefu zaidi, na kwa nini? Jibu lake lingemfaa anayepanga mabomba ya maji, anayepanga skuli, na anayetaka kuelewa fedha za watu wetu zinalala wapi. Zana zote za kulijibu zipo. Picha ya 2016 peke yake hailijibu. Inataka picha ya kila mwaka, chini ya mtu ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, mwaka baada ya mwaka, hata wafadhili wakiwa wameshahamia jambo jengine.

Nikisema taasisi, basi, namaanisha huyo mtu. Chumba kidogo, mshahara usiotegemea mradi, na ruhusa ya kushikilia swali moja mpaka watu wamchoke.

Maswali hayana uhaba. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani kwa biashara tangu 1989, na mwani wa kotonii, ule wenye bei, umekuwa ukifa kadiri maji yanavyozidi joto. Setilaiti hupima joto la bahari kuu vizuri tu, lakini mwani uko upande wa ndani wa mwamba wa bahari, kwenye maji ya magotini wakati wa bamvua, na huko ndiko kunakochemka. Joto la maji ya magotini, kigingi hadi kigingi, ni swali la TEHAMA kama lilivyo la bahari, na watu wa kulijibu, wa kompyuta na wa bahari, wote wamo katika kisiwa kimoja. Ama lugha, nitasema kwa ufupi kwa sababu inanipandisha damu: Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi wa 1928, na leo kuna mashine zinazoandika Kiswahili mtu akizungumza. Mweke mbele yake bibi wa Makunduchi au mvuvi wa Tumbatu uone itaandika nini. Hakuna kampuni ya California itakayoamka asubuhi ikiwaza Kikae, lahaja ya Makunduchi. Tukikosa sisi kuwaza, hakuna.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa. Mhadhiri mmoja kijana, rafiki yangu, aliniambia: "Bwana we, hakuna anayepandishwa cheo kwa kupima mvua. Mimi nikiandika ombi la fedha nikasema nataka vipimo vya mvua kwenye skuli, hawasomi ukurasa wa pili. Nikiandika akili unde, wananipigia simu." Na akaongeza la pili, zito zaidi: kwamba hii habari ya kuanza na madogo imekuwa kisingizio cha kutubakisha na madogo, wenzetu wakijenga yajayo sisi tunahesabu vikombe vya mvua.

La kwanza ni kweli na ni ugonjwa wa vyuo, si wa Zanzibar peke yake. La pili nimelifikiria sana, na nadhani rafiki yangu amevitenganisha vitu viwili ambavyo havitengani. Kumpatia ami utabiri wa kilima chake ni kazi ngumu ya kompyuta. Ni kuuchukua utabiri wa vipande vya kilomita 9 na kuifundisha mashine iuteremshe mpaka kilomita moja, na hiyo ni akili unde kwelikweli, ya kumtoa jasho hata mwanafunzi wa Bweleo. Lakini mashine hujifunza kwa mifano. Huwezi kuifundisha mvua ya kilima fulani kama hakuna aliyeandika siku gani ilinyesha pale. Na mfano wa mvua ni chombo chenye mdomo wa kipimo kinachojulikana, kilichowekwa uwanjani mwa skuli mbali na miti, mwalimu au mwanafunzi akakisoma saa tatu asubuhi kila siku ya Mungu, likizo na Ijumaa zikiwemo, akaandika. Miaka kumi ya kuandika hivyo katika skuli hamsini za Pemba haimlazimu mtu kuwa na digrii. Inalazimu pawe na mtu Tunguu, au Mchanga Mdogo kwenye tawi la SUZA la Pemba, anayezipokea hesabu hizo, anayezikagua, na anayempigia simu mwalimu siku zikikosekana. Hapo ndipo kikombe na akili unde vinapokutana, na taasisi isiyo na subira ya kikombe itaishia kununua utabiri wa watu na kuubandika nembo yake.

Ubishi wetu haukwisha. Yeye anashika kwamba fedha huja kwanza, swali hutafutwa baadaye; mimi nashika hivyo hivyo nilivyoanza. Aliponisindikiza akanambia, kwa mzaha ulio nusu kweli, kwamba nikipata skuli hamsini nimwite.

Nilimweleza ami habari hii nilipokwenda Wete mara ya mwisho. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hilo la kuandika mvua mbona yeye alikuwa akifanya. Nikamwuliza vipi. Akanipeleka kwenye ghala, mlango wa mbao wa kizamani, akaniambia kwamba kila siku mvua iliyomharibia anikio alikuwa akitia alama ya chaki upande wa ndani, msimu kwa msimu, mstari wa kila mwaka chini ya mwenzake, tangu alipooa. Alikuwa akiitumia kujua mwezi gani asiajiri wachumaji wengi kwa pamoja.

Nikainama kutazama. Mlango ulikuwa wa kijani, rangi mpya inang'aa. Waliupaka kwa harusi ya binti yake.